Usitazame Gari, Tazama Ardhi

Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Magoti ni amotisa za mtu, zile shokomzoba zinazomeza mshtuko, na zangu zimemwaga mafuta yote. Nikiingia chini ya gari, natoka nimeshika bampa kama mlevi anayeshika ukuta, na fundi anayenyanyuliwa na wenzake hana haki ya kuwafundisha kunyanyua gari. Bon. Nimewaachia gereji, nyinyi wa hapa Rubavu na nyinyi mnaovuka kila asubuhi kutoka Goma, na sasa mnanisumbua kwa simu: Muzee, hii gari inayumba, tufanye nini? Nimechoka kujibu simu. Nimeandika.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza kazini. Nyumbani ni Kinyarwanda, kwa wateja wengine ni Kifaransa cha kuokota, lakini chini ya gari ni Kiswahili, cha kwetu, si cha redio. Shule niliiacha darasa la tatu, na kusoma nilikumalizia kwenye maboksi ya vipuri. Anayetafuta makosa katika maandishi haya ayatafute, atayapata. Katika magari niliyoyafunga asijisumbue.

Sitaandika nani alinipa cheo, maana hakuna. Nilijiita patron siku nilipopata jeki yangu mwenyewe.

Nilizaliwa Bugeshi, kule juu ambako viazi vinastawi na mtu anavaa makoti mawili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa juu ya magunia ya viazi kwenye lori ili yasianguke, na kuanguka nayo yakianguka. Siku moja springi ya nyuma ilivunjika mteremkoni, jani moja la chuma likakatika kama muwa. Dereva aliniwekea kile kipande begani akaniambia nikipeleke Goma kwa fundi mmoja anaitwa Papa Bonane, nirudi na kingine. Nilivuka mpaka kwa miguu, chuma begani, watu wakinipisha. Kile kingine kilirudi na mtu mwingine. Mimi sikurudi.

Papa Bonane alikuwa mfupi, na alivaa koti la suti hata akiwa chini ya lori. Nilidhani ataniuliza kama najua majina ya spana. Hakuniuliza kitu. Alinisimamisha kando ya barabara, na barabara za Goma wakati ule zilikuwa na vumbi jeusi la mlima, laini kama unga wa kahawa. Gari ikapita.

"Umeona nini?"

"Gari, Papa."

"Gari gani? Mi sikuone gari. Angalia chini."

Niliangalia chini. Sikuona kitu ila alama za tairi, nikamwambia hivyo. Akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole kimoja. Gurudumu la mbele lilikuwa limeandika mstari mmoja mrefu, kama mtu aliyeburuta fimbo. La nyuma liliandika vipande: mstari, pengo, mstari, pengo. Kwenye kila pengo, akaniambia, gurudumu lilikuwa hewani. Na gurudumu lililo hewani halina breki, halina usukani, halina injini. Ni tairi lililotundikwa tu, kama lile la dukani.

"Gari inadanganya," alisema. "Dereva anadanganya. Mwenye gari, huyo ndiyo kabisa. Udongo haidanganye."

Basi kazi yangu ya kwanza ya ufundi ikawa kusimama barabarani na kusoma ardhi. Wapita njia walidhani nimepoteza kitu. Wenzangu gerejini waliniita "mutu wa kutafuta pini." Mimi nilitafuta mpaka nikajua magari ya mtaa mzima kwa mistari yake, nikawa naweza kusema hii ni pikapu ya muuza mkaa, amotisa ya kulia imekufa, na mwenyewe bado hajui.

Kingine alichonifundisha ni magunia. Papa Bonane hakupima gari tupu hata siku moja. Alisema gari tupu ni kama suti kwenye hanga, inakaa vizuri bila mtu. Kabla ya kunyoosha uzi na kushusha timazi ili kuona kama magurudumu yamenyooka, alipakia magunia ya viazi kwenye viti, kwa uzito wa watu watakaokaa pale. Mama mmoja muuza vitenge alimuuliza mbele ya watu wote, "Papa Bonane, mi iko gunia ngapi?" Mzee akavua kofia kwa heshima, akasema, "Mama, tuseme moja, ile ya kujazwa mpaka juu." Yule mama alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Lakini gari yake ilinyooka.

Halafu ikaja miaka ambayo sitaiandika, kwa kuwa haya ni maandishi ya chuma na miaka ile inataka maandishi mengine. Halafu mlima ukatema moto, ukashuka mjini, ukapita juu ya gereji yetu kama uji juu ya sahani. Papa Bonane alivuka mpaka akiwa na koti lake, na mfukoni uzi na timazi. Hayo ndiyo yaliyobaki. Nilimweka nyumbani kwangu, na baadaye nikafungua gereji yangu kwenye barabara ya kwenda Rugerero. Alikaa pale kwenye stuli, akasoma ardhi ya uani kwangu mpaka pumzi ilipomwishia. Uzi na timazi ni vile vile mnavyovitumia. Anayevipoteza asinione.

Sasa nieleze habari ya kabari, maana ndiyo ugonjwa wa kwetu.

Moto ulipopoa, Goma ikabaki na barabara za mawe. Mawe meusi, makali, yanayokuna tumbo la gari mpaka mafuta yamwagike. Watu wakaanza kuinua magari. Wanachukua mpira mgumu au chuma, wanaubana juu ya springi kama kabari, na gari inasimama juu kama mbuzi. Kwa mawe ya Goma ile ilikuwa akili, siwezi kusema vingine. Lakini akili ikawa desturi, na desturi ikawa fasheni. Gari ikifika kutoka bandarini, kabla hata ya kuoshwa, inawekewa kabari. Isiyokuwa nazo inachekwa. Wanasema iko inaatamia mayai. Hata ya mtu asiyevuka mpaka, anayetembea kwenye lami ya hapa kando ya ziwa tu, inawekewa.

Kosa liko hapa. Mguu wa gari unataka nafasi ya kupanda, na hilo kila mtu analijua, kwa sababu jiwe likigonga anasikia. Lakini unataka pia nafasi ya kushuka, na hiyo haina sauti. Simama kwa ncha za vidole juu ya tofali, magoti umeyanyoosha, halafu mtu akuondolee tofali chini ya mguu mmoja. Mguu utaongeza nini? Umekwisha. Ndivyo kabari inavyofanya. Ardhi ikishuka, gurudumu linabaki juu linatazama.

Na juu ya kabari wakaongeza springi ngumu, kwa sababu hapa kwetu kigumu ndicho imara. Nimepigana na neno hilo maisha yangu yote, na pigano kubwa kuliko yote lilikuja na Clarisse.

Clarisse ni binti wa Mzee Gaspari, mwenye duka la misumari na mabati, aliyerudi na familia yake kutoka Tanzania na Kiswahili chao kilichopigwa pasi. Mnamjua kwa sababu ya mashindano ya magari. Wakati huo alikuwa anaendesha gari ndogo ya Kijapani, ya turbo, ambayo magurudumu yote manne yanasukuma. Ilikuwa ya mjomba wake wa Goma kwanza. Mdogo wake, Olivier, alikaa kando yake kumsomea njia. Na gari ile, yenye nguvu ya kupanda ukuta, ilikuwa imetoka barabarani mara mbili, mahali pale pale: kona ya mikaratusi, juu ya Kanama, ambapo barabara ya udongo inapanda kinundu kidogo halafu inashuka ikikunja kushoto. Mara ya kwanza waliingia kwenye shamba la maharage. Mara ya pili waligonga mti, na Olivier akavunjika paja.

Gari ililetwa kwangu kwa kamba. Aliyenijia kwanza hakuwa Clarisse, alikuwa baba yake. Alisimama mlangoni, mtu mrefu, kofia mkononi, akakataa kukaa. Aliniambia kwamba amekwisha kumwambia binti yake: gari ikitoka njiani mara moja zaidi, inauzwa, na yeye anarudi kupima misumari. Nilimwambia hayo ni maneno kati yake na mwanawe.

"Fundi, mimi sikuja kuomba gari liwe na mbio," akasema. "Nimekuja kuomba lirudi. Nina watoto wawili, na wote wawili wanapanda gari moja."

Nimefanya kazi kwa wakubwa wenye bendera kwenye boneti, lakini sikumbuki aliyewahi kuniagiza kazi kwa maneno yaliyonyooka hivyo.

Clarisse mwenyewe alikuja kesho yake akiwa na maneno mengine. Alitaka springi ngumu zaidi. Alikuwa amewauliza mafundi wa pande zote mbili za mpaka na wote walimwambia gari inalala kwenye kona, donc ikazwe. Nikafungua gurudumu la nyuma, nikamwonyesha. Kabari za mjomba wake zilikuwa bado ziko pale, na springi zilikuwa za gari nzito kuliko ile. Stabilaiza ya nyuma, chuma kile kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia, mtu alikuwa ameiweka nene kama mkono wangu. Gurudumu la nje likipanda, lilikuwa linamvuta mwenzake wa ndani hewani. Nikamwambia kila kitu hapa kimekazwa mpaka gari haina tena miguu, ina nguzo.

"Muzee, gari laini inalala," akasema.

"Iache ilale. Anayelala chini haanguki."

Hakucheka. Ni mwanamke mwenye kichwa kigumu, na simlaumu, mimi pia ninacho. Nikaona maneno hayatasaidia. Nikamwambia aiwekee gari mti mpya wa usukani na mkono mpya wa chini, ule unaoshika gurudumu, maana vile viliumia kwenye ajali, halafu tupande Bugeshi tukaulize ardhi.

Kuna kipande cha barabara kule chini ya milima ambacho asubuhi hakipiti mtu ila ng'ombe, na kina vinundu kama mgongo wa mamba. Nilisimama kando, akapita. Nilimwita ashuke, nikamwonyesha chini: mstari, pengo, mstari, pengo. Gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa na pengo ambalo mtu angeweza kulala ndani yake. Alitazama, lakini niliona kwamba haamini. Kwake ilikuwa alama ya tairi tu, kama ilivyokuwa kwangu siku ya kwanza.

Ndipo akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiri. Alitoa simu yake, akaifunga kwa mpira wa baiskeli chini ya gari, ikitazama gurudumu, akarudi akapita tena. Halafu tukajifunika koti langu vichwani ili jua lisituzuie, tukatazama. Simu ilikuwa inaonyesha polepole. Gari inapanda kinundu, gurudumu linaning'inia, linazunguka hewani bila kazi, kama mguu wa mtoto kwenye kiti kirefu. Nilitazama mara moja nikaomba tena. Tangu siku ile sisemi vibaya juu ya simu, ila mnaponipigia nazo.

Clarisse alizima. Akasema, kwa sauti ndogo, "Olivier alikuwa upande huo." Halafu akauliza tunaanza lini.

Tulianza siku hiyo hiyo. Andikeni hili vichwani: tulianza na mipira, zile bushi ndogo zinazoshika mikono ya magurudumu. Watu wanakimbilia springi kwa sababu zina rangi nzuri. Lakini mipira ya mikono ikiwa imechoka, gurudumu linajielekeza linakotaka, na hutajua kama dawa yako imefanya kazi au la. Tukabadilisha yote. Tukatoa kabari, nikazitupa kwenye pipa mbele yake. Tukaweka springi laini na ndefu. Stabilaiza nene tukaitoa, tukaweka nyembamba.

Shabani, ambaye leo ni patron wenu na wakati ule alikuwa fundi wangu mkubwa, alizunguka ile gari akiwa na mikono mfukoni. "Patron," akasema, "mayai yatapasuka lini?" Wote wakacheka, na Clarisse akaangalia pembeni. Nikamwambia Shabani achukue ufagio.

Kwa bahati mbaya Shabani hakukosea. Tulipanda Bugeshi, na kwenye kinundu cha kwanza kikubwa gari ilipiga tumbo chini, ikalia kama sufuria. Bamba la kukinga injini lilikunjika. Clarisse alishuka akafunga mlango kwa nguvu, akaniuliza kama hiyo ndiyo ardhi iliyojibu. Nikamwambia ndiyo, imejibu, imesema nusu yetu ni sawa na nusu si sawa. Nenda uangalie mistari. Ilikuwa haina pengo hata moja mpaka pale ilipopiga.

Tukarudi, tukafungua. Sikurudisha kabari, ingawa ningeweza, na watu wote walingoja nifanye hivyo. Niliagiza springi zilizo laini mwanzoni na ngumu mwishoni, zile ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja. Nikakata vizuizi vya mpira kutoka kwenye mpira wa lori, nikavichonga kwa kisu kama mtu anayechonga kiazi, vyembamba juu na vinene chini, ili gari ikifika mwisho ikutane na mto, si ukuta. Na bamba tukaliunda upya, lililoinama mbele kama jembe, ili jiwe liteleze.

Tumbo likanyamaza. Lakini mistari ikaharibika. Na hapa wengi wenu mngekata tamaa, kwa sababu huu ni ugonjwa wa kujificha. Kinundu cha kwanza, mstari mzuri. Cha pili, mstari mwembamba. Cha tatu, pengo. Nilikaa pale chini nikitazama mpaka ng'ombe wakanizunguka. Nikamuuliza Clarisse kama amegusa amotisa. Zilikuwa mpya, zimetoka Kampala, na zina kifungo kidogo cha kuzungusha kinachoamua gurudumu lirudi chini haraka au polepole. Tangu siku tumbo lilipopiga, alikuwa amevikaza vyote mpaka mwisho.

"Ngumu si ndiyo nguvu, Muzee?" Aliuliza kweli, bila ubishi.

Nikamwambia apige magoti. Akapiga, na suruali yake nzuri, kwenye udongo. Nikamwambia asimame polepole sana, na kabla hajafika juu nikamgusa bega arudi chini, na tena, na tena. Kila mara alisimama kwa urefu mdogo kuliko mwanzo, mpaka akabaki amechuchumaa. Akaelewa kabla sijafungua mdomo. Mguu uliokunjwa na jiwe la kwanza haujanyooka, la pili limefika. La tatu linaukuta hauna tena pa kukunja wala pa kushuka. Akalala chini ya gari mwenyewe akavilegeza, kidogo kidogo, tukipita na kusoma, tukipita na kusoma. Tulikuja kule siku nyingi. Wachungaji wakazoea, wakaanza kutuambia wao wenyewe: leo gurudumu la kulia limechechemea.

Siku mstari wa nyuma ulipokaa mzima, kutoka kinundu cha kwanza mpaka cha mwisho, Clarisse alichuchumaa akaupitishia kidole kama Papa Bonane. Sikumfundisha hilo. Linakuja lenyewe.

Ikabaki kunyoosha magurudumu. Nilileta magunia ya viazi, nikapakia la dereva, nikataka kupakia la msomaji wa njia. Olivier alikuwa amekaa uani na magongo yake mawili.

"Hilo gunia ni mimi?"

"Ni wewe."

"Muzee, hapana. Mimi nitakaa mwenyewe."

Dada yake akamwambia fundi anapima gari, hapimi watu. Akasema anajua, na ndiyo sababu anataka kukaa, kwa sababu siku ya mashindano si gunia litakaloingia. Nikamtazama mguu. Daktari alikuwa amemruhusu kutembea, si kushindana, lakini siku ilikuwa bado mbele. Alikaa humo asubuhi nzima bila kujitikisa wakati mimi nikinyoosha uzi ubavuni mwa gari na kushusha timazi mbele ya tairi. Baba yake alikuja akatukuta hivyo. Alimtazama kijana wake kwenye kile kiti, akamtazama na binti yake aliyeshika ncha ya uzi. Aliondoka bila kusalimia, na kwa mtu wa adabu kama yeye, hilo nililisikia mpaka kwenye mifupa.

Siku ya mashindano Olivier alikuwa ametupa magongo. Mzee Gaspari alinipitia kwa pikapu yake, tukapanda Kanama. Sikumuuliza tunakwenda wapi. Tulisimama kona ya mikaratusi, kwenye ukingo wa juu, pamoja na watu wa mashamba waliokuja na viti vyao. Kwenye mti mmoja ganda lilikuwa limebanduka, kidonda cha mwaka uliopita. Mzee Gaspari hakuutazama.

Waliowahi kuanguka huanzishwa mwisho, kwa hiyo tulingoja magari yote yapite. Yalipita, mengine vizuri, mengine yakicheza ngoma. Mimi nilisoma mistari yake kutoka pale juu, nikaona, baada ya kinundu, pengo baada ya pengo. Kabari, kabari, kabari. Sikumwambia mzee.

Halafu tukasikia injini yao chini bondeni. Mzee Gaspari aligeuka akaipa barabara mgongo. Alishika kofia kwa mikono miwili na kutazama shamba la maharage, mtu mrefu vile, kama mtoto aliyesimamishwa kwenye pembe ya darasa na mwalimu. Sauti ikapanda. Watu wakasimama kwenye viti. Mimi nilifanya nilichofundishwa. Niliweka macho yangu kwenye udongo ule, baada ya kinundu, pale barabara inapokunja, nikangoja. Kitu chekundu kikapita machoni pangu, upepo wake ukanipiga, vumbi likafunika kila kitu. Sauti haikukatika. Ilizunguka kona, ikapanda kilima, ikawa ndogo, ikaisha.

"Limepita?" Bado alikuwa amegeuka.

"Imepita."

"Umeliona?"

"Sikuiona."

Hapo akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kunipiga. "Sasa unajuaje?"

Nikamshika mkono, maana na mimi nilihitaji kushikwa, tukashuka mpaka ukingoni. Askari wa njia alitutaka turudi nyuma, nikamwambia hatukanyagi, tunasoma. Vumbi lilikuwa limetua. Juu ya alama zote za wengine kulikuwa na moja mpya, kingo zake bado kali. Ilipanda kinundu. Juu ya kinundu ikawa nyembamba, na moyo wangu ukawa mwembamba nayo. Lakini haikukatika. Ilishuka ng'ambo ikanenepa tena, ya nje na ya ndani, ikakunja kushoto, ikaipita mikaratusi.

Nilimweleza kama Papa Bonane alivyonieleza. Pengo ni gurudumu lililo hewani. Nikamwonyesha mapengo ya wengine. Kisha nikamwonyesha mstari wa nyuma, wa upande wa ndani, ule uliovunja paja la kijana wake, nikamwambia autafutie pengo.

Alivaa kofia yake. Akaanza kutembea kwenye majani kando ya barabara, sambamba na ule mstari, akiinama kidogo, polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni. Aliipita kona. Alikipanda kilima. Nilimfuata kwa magoti haya, nikaachwa nyuma, nikamwona amesimama juu, mahali njia inapoteremkia Rugerero, ambapo mstari ulikuwa bado unakwenda.

Hakuuliza wamekuwa wa ngapi. Nilipomfikia, aliuliza tu kama kule mbele, tusikokuona, na kwenyewe mstari uko hivyo hivyo. Nikamwambia twende tukaangalie. Akanipa bega nishike, tukashuka.